Siku Nne za Saadi

Mwaka 1984 sabuni ilikuwa adimu kijijini Mbekenyera. Mwalimu Methodius, mwenyeji wa Bukoba, alipewa katoni nzima na mtafiti mgeni aliyekuwa akilinganisha watu wa mataifa mbalimbali: wapi watu huwahi kuoa, wapi huzaa wengi, wapi huweza kungoja. Jumatatu, kwa ajili ya utafiti huo, aliwauliza wanakijiji: kipande kimoja leo, au vitatu Ijumaa?

Awadhi, mkulima wa ufuta, alichukua chake papo hapo. Alioa akiwa na miaka kumi na sita. Alikwisha kuzika wazazi wote na watoto wawili.

"Ndugu Awadhi, siku nne tu zinakushinda?"

"Mwalimu, kwetu siku nne ni nyingi."

Mdogo wake, Saadi, akacheka. "Mimi nangoja." Methodius akamwandika kwa furaha.

Jumatano mchana ndugu hao walikuwa wakivuna ufuta. Simba akatoka kichakani, akamkamata Saadi shingoni. Awadhi akamrukia na panga, akamkata mgongoni, akamkata tena. Mnyama akaachia, akamgeukia yeye, akamchana bega la kulia hadi mfupa ukaonekana. Wanaume wakaja mbio na mikuki, wakammaliza simba. Saadi alikuwa amekwisha kukata roho.

Ijumaa Awadhi alifika shuleni, kitambaa cha begani kimelowa damu.

"Nipe sabuni ya mdogo wangu. Mjane wake hana hata ya kufulia."

Methodius akatazama karatasi zake. "Pole sana, ndugu yangu. Ila utaratibu unasema aliyechagua aje mwenyewe..."

Ngumi ya kushoto ikampasua mdomo. Ya pili ikampata jichoni. Alipoanguka, Awadhi akamkalia kifuani, akawa anampigiza kichwa sakafuni huku akilia: "Mwite basi! Mwite aje!" Walimu watatu ndio waliomtoa.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka Awadhi apelekwe polisi Nachingwea. Methodius, meno mawili hana, alikataa. "Mngeyasikia niliyomwambia," alisema, "na nyinyi mngenipiga." Katoni akampelekea mjane, kisha akamwandikia mtafiti atafute mtu mwingine wa kazi hiyo.

Mkono wa kulia wa Awadhi haukuinuka tena. Msimu uliofuata, kila Jumamosi Methodius alikwenda kumsaidia kupalilia. Mmoja alipoinama, mwingine alisimama na mkuki akitazama kichakani.