Prufu Isiyosomwa

Katika kiwanda cha uchapaji nilikofanya kazi miaka thelathini na minane, palikuwa na kosa moja lisilosameheka: kutia saini prufu bila kuisoma. Mimi nilikuwa msahihishaji. Karatasi ya majaribio ikitoka mtamboni, niliisoma herufi kwa herufi, na nisipoandika "Sahihi" chini yake, kazi haiendelei. Waliniita Nukta, kwa kuwa hakuna nukta iliyowahi kunipita. Mwenzangu mmoja aliwahi kusaini kurasa sitini huku anakunywa chai, nilimripoti, akafukuzwa. Binti yangu alikua akiisikia habari hiyo. Akiniletea daftari lake la shule alikuwa akisema, "Baba, usisaini kama yule wa chai."

Mwaka huu, nikiwa na miaka sabini na mmoja, nilijiandikisha darasa la jioni la kuandika programu za kompyuta. Elimu yangu yote niliipata jioni, baada ya kazi, kwa hiyo mimi sikuona ajabu. Walioona ajabu ni wengine. Mwisho wa muhula kulikuwa na mtihani: ukifaulu unaingia hatua ya pili, ukishindwa unampisha mwenzako, maana viti ni kumi na viwili tu. Kiti kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka cheo.

Binti yangu, ambaye riziki yake ni hizo hizo programu, alinitengenezea mazoezi kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikiandika jibu na kubonyeza, linatokea neno la kijani: Sahihi. Nilijifunza kwamba lazima kompyuta ijue kila kitu ni cha aina gani. Namba ni za kuhesabiwa. Maneno hufungwa ndani ya alama za kunukuu, nayo hayahesabiwi, huungwa tu. Kisha kuna kweli na si kweli. Baadaye zikaja funksheni: unaipa kitu, inakifanyia kazi uliyoiandikia, inakurudishia jibu. Nilizipenda kama nilivyowapenda mafundi wasio na maneno mengi.

Mazoezi arobaini na matatu, yote sahihi. Nilimwambia muuza magazeti, nikamwambia na kinyozi. Mke wangu nilimwambia kila siku, naye alisema tu, "Hongera, baba watoto," macho yakiwa kwenye cherehani.

Siku ya mtihani, swali la kwanza lilitaka funksheni inayopokea umri wako na kurudisha umri wa mwakani. Niliandika 71 ndani ya alama za kunukuu, kama nilivyozoea nyumbani, nikajumlisha moja. Kompyuta ikaziunga, ikajibu 711. Muuguzi aliyekaa jirani yangu alichungulia, akaninong'oneza kwamba nimewazidi hata kobe. Nilicheka naye. Nilirudia mara sita, na mara zote sita nilikuwa mzee wa miaka mia saba na kumi na mmoja.

Mwalimu aliinama mezani kwangu muda ulipokwisha.

"Mzee wangu, hili ni kosa la wiki ya kwanza. Huko nyumbani hakuna aliyekusahihisha?"

Kiti kikaenda kwa mwingine.

Nilipofika nyumbani niliwasha kompyuta, nikaandika jibu lile lile. Sahihi. Nikaandika jina la kinyozi. Sahihi. Nikabonyeza bila kuandika chochote. Sahihi, tena kwa kijani.

Faili la kusahihisha majibu lilikuwepo humo siku zote, ila sikuwahi kulifungua. Mtu hapekui mfuko wa mwanawe. Sasa nililifungua, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshajua kusoma. Ilikuwa funksheni ya mistari miwili. Wa kwanza unapokea jibu langu. Wa pili unarudisha kweli. Katikati hapakuwa na kitu.

Binti yangu alikuja kesho yake. Sikumkaripia, nilimwonyesha kioo cha kompyuta tu. Akasema wiki ile ya kwanza ya darasa, kabla ya mazoezi yake, nilikosa mara tisa mfululizo, nikaondoka mezani bila kula.

"Nilitaka nikupe moyo, Baba. Ningeirekebisha baadaye."

"Ulisaini bila kusoma."

Akafunika uso. Hapo cherehani ikanyamaza, na mke wangu akasema kwamba yeye ndiye aliyemwomba. Kwa hiyo walikuwa wawili, na hongera zangu zote zilikuwa za chai.

Binti yangu alisema anafahamiana na mwalimu, anaweza kuniombea. Nikamuuliza kama anataka na mwalimu naye anisainie.

Nilichukua wiki moja kuandika funksheni yangu ya kusahihisha. Ilikuwa na mistari ishirini na sita. Nilipitisha humo majibu yangu yote ya zamani: kumi na tisa yalikuwa sahihi. Niliandika 19 kwa kalamu nyekundu ya kiwandani, nikaibandika karatasi ukutani.

Mwezi uliofuata binti yangu alileta mazoezi mapya, akaapa kwamba haya ni ya kweli. Nilimshukuru. Kisha nikavaa miwani, nikalifungua faili, nikaanza kulisoma mstari wa kwanza, herufi kwa herufi, naye amesimama nyuma ya kiti changu anasubiri.