Maua Yaliyolala Jangwani

Tangu afike Brooklyn Center, Minnesota, kutoka Kongo miaka mitatu iliyopita, Mama Merveille hakuwahi kuomba kitu. Alikula alichopewa, akavaa alichonunuliwa, akakaa dirishani akitazama theluji. Kwa hiyo siku aliponyoosha kidole kwenye televisheni na kusema, "Nataka kuyaona maua yale," mkwewe Joyeuse aliacha kupiga pasi.

Yalikuwa maua ya jangwani, kule Arizona, yameota baada ya mvua.

"Mama, ni siku tatu kwa gari!" Anicet, mumewe Joyeuse, alicheka.

Joyeuse hakucheka. Aliomba ruhusa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wiki iliyofuata wakaondoka wawili.

Theluji ilibaki nyuma, kisha mashamba, kisha miti yenyewe ikaisha. Mama Merveille alikaa mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka mbali. Mara nyingine Joyeuse alihisi gari limesimama na nchi ndiyo inayopita.

Asubuhi ya siku ya nne walifika. Kulikuwa na baridi na mawingu. Maua yalikuwepo, maelfu kwa maelfu, lakini yote yamefumba, yamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Joyeuse alitaka kulia.

"Yamekataa, Mama. Pole."

"Hayajakataa. Yanalala. Tungoje."

Wakarudi garini, wakajifunika blanketi moja. Joyeuse akapitiwa na usingizi. Alipozinduka jua lilikuwa limewaka, na kiti cha pembeni kitupu.

Alitoka mbio, akasimama ghafla. Mlima mzima ulikuwa rangi ya chungwa, unatikisika polepole kwa upepo. Katikati, kwenye njia, Mama Merveille alisimama viatu mkononi.

"Joyeuse! Njoo!"

Mama mkwe hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Siku zote alikuwa "bibi ya Anicet," yaani mkewe tu.

Alipomfikia, mama mkwe alisema bila kugeuka: "Maharage yangu kule Masisi yalikuwa yamechanua wiki tuliyokimbia vita. Nilipita katikati yake mbio. Sikuyatazama."

 Joyeuse akavua viatu naye, akamshika mkono, wakatembea taratibu mpaka jua likawachoma mabega.

Njiani kurudi Mama Merveille alizungumza: mbegu, majirani, mbuzi mkorofi wa mtu fulani. Alizungumza siku tatu, na Joyeuse hakuwasha redio hata mara moja.