Figo ya Dada, Mkono wa Kinyozi

Daktari aliposema mwili umeanza kuikataa figo, dobi hakulia. Alimgeukia mdogo wake aliyelala kitandani, uso umemvimba kama aliyeumwa na nyuki, akamuuliza kama amekuwa akimeza dawa zake zote. Mdogo mtu akageukia ukutani. Hapo hapo dada mtu akajua.

Figo yenyewe ilikuwa yake. Alimpa mwaka juzi, na hadi leo kovu la ubavuni humvuta kila anapoinamia beseni la nguo.

Mdogo wake alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Mkono Mwepesi, maana alikunyoa ndevu umesinzia na usijue kama wembe umepita. Baada ya kupandikizwa figo akapewa vidonge vya asubuhi na jioni, maisha yake yote, ili kinga ya mwili isiishambulie ile figo ngeni. Daktari alipoondoka, akaanza kujieleza kwa sauti ya chini. Alisema mikono ilianza kutetemeka. Mwanzo alimwaga chai tu, akaona si neno. Kisha akamkata mteja sikioni, damu ikachuruzika mpaka kwenye kola. Habari zikaenea, watu wakawa wanachungulia kibandani, wakimkuta yeye wanasema wana haraka. Basi akaviacha vidonge vya jioni. Mikono ikatulia, naye akajiona mjanja.

"Kwa hiyo umeitupa figo yangu ili unyoe watu ndevu," dada akasema.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nilikusikiliza mwaka juzi. Ndiyo maana nimebaki na moja."

Kinyozi akageuka kumtazama. Akasema alimweleza daktari habari ya mikono, si mara moja, na kila mara aliambiwa ni kawaida, atazoea. Angezoeaje, na kazi yake ni kushika wembe shingoni mwa watu?

Dobi akainuka bila kuaga. Hasira yake mwanzo ilikuwa juu ya mtu mmoja; sasa imekuwa juu ya wawili, na wa pili alikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango uliofungwa. Alibisha, lakini hakungoja kukaribishwa.

Daktari alianza kwa upole wa kitaalamu. Wagonjwa wengi wanaotumia dawa hii hutetemeka kidogo, alisema. Dobi akamjibu kwamba hakuja kuulizia wagonjwa wengi. Akasimama pale pale, mkoba kifuani, mpaka daktari akafungua kompyuta na kuanza kusoma. Alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akavua miwani.

Kiwango cha dawa kwenye damu kilikuwa juu kwa miezi mingi, akakiri. Alikiona, akakiacha, kwa kuogopa kwamba akipunguza dozi mwili utaikataa figo. Lakini dawa ile inayoilinda figo, ikizidi, huibana mishipa midogo ya figo hiyo hiyo na kuichakaza taratibu. Kazi ya figo ilikuwa imeanza kushuka hata kabla kinyozi hajaacha kidonge kimoja.

"Kwa hiyo aliposema mikono inatetemeka, alikuwa anakwambia dawa imezidi."

"Ndiyo. Nilitakiwa kupunguza, au kumbadilishia."

"Ina maana ipo nyingine?"

"Ipo."

Neno hilo moja lilimchoma kuliko yote. Ipo. Ilikuwepo siku zote, na mdogo wake akaachwa ajigange mwenyewe. Akamwambia daktari kwamba mgonjwa amekosea, tena sana, na atashughulika naye. "Lakini wewe umesomea," akasema, akatoka.

Kinyozi alitundikiwa dripu za dawa kali za kuituliza kinga ya mwili. Dozi ikapunguzwa, akahamishiwa aina inayoyeyuka polepole, ya asubuhi tu, na dawa ya pili ikaongezwa kusaidia. Figo ikaacha kuharibika zaidi, ikabaki na nguvu iliyosalia. Sehemu iliyokufa haikurudi, na daktari hakuwaficha hilo. Mikono nayo ikatulia kiasi cha kushika mashine ya kunyolea, wembe bado.

Alipopata nguvu alikwenda kwa dada yake kuomba msamaha. Dobi alikuwa anapiga pasi shati, hakuinua macho.

"Nitakusamehe," akasema, "ila si leo. Leo bado nina hasira, na ni haki yangu."

Siku hizi kila kliniki anaingia naye. Anavuta kiti mpaka karibu na meza na kuuliza dawa iko kiwango gani kwenye damu, figo inafanyaje kazi, na kama dozi ni ile ile, kwa nini. Juzi walipotoka, mdogo wake alimnong'oneza kwamba daktari anamwogopa.

"Na wewe je?" dada akamuuliza.

"Mimi zaidi."

"Vizuri," akasema, akatangulia kuelekea dirisha la dawa.