Tundu Kwanza

Nondo alinipa shikamoo kwanza. Nikaitikia marahaba, maana mdomo wa mzee huitikia wenyewe bila kuuliza moyo. Kisha akaupiga teke mlango niliokuwa nimeufungua nusu, ukanigonga paji la uso, akanipita kama mtu anayepita gunia.

Alikuwa mume wa mjukuu wangu. Nondo, yaani chuma cha zege, ni jina la mtaani. Walimwita hivyo kwa urefu wake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumkunja. Fundi wa redio na amplifaya, na nisimsingizie, fundi kweli. Mjukuu wangu alikwenda kwake kujifunza kazi, akaishia kuwa mke, na kazi na ndoa vyote akafunzwa kwa dawa moja: kofi. Siku aliyorudi kwangu alikuwa na mfuko wa nguo mkono huu na mita ya umeme ya njano mkono ule, na jino la mbele halipo. Sikumuuliza. Nilimwonyesha chumba cha mbele, nikamwambia, "Mke mwenzangu, meza ya babu yako ile pale. Panga vitu vyako."

Ndivyo tunavyotaniana, bibi na mjukuu. Hata Nondo, enzi za posa, alikuwa akiniita mke wake mkubwa, na mimi nikimwambia aoge kwanza.

Meza yenyewe ni ya mbao nzito, na pembeni ina jiliwa la chuma ambalo marehemu alikuwa akibania misumeno akiinoa. Unaweka kitu katikati ya meno yake mawili, unazungusha mpini, meno yanakaribiana mpaka kitu hakitikisiki tena. Mjukuu wangu alifurahi kulikuta. Alisema fundi asiye na jiliwa ni fundi mwenye mkono mmoja.

Asubuhi ile kabla Nondo hajaja, alikuwa anapanga mita. Alipigilia misumari ukutani juu ya meza, kila mita na msumari wake, kila waya na kulabu yake. Mita ni kisanduku cha kupimia umeme. Kina waya mweusi na waya mwekundu, zenye ncha kali kama sindano, na katikati kuna kizungushio cha kuchagua unapima nini. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nachambua maharage na kuuliza maswali ya kitoto.

"Mita mbili za nini? Moja imekukosea nini?"

"Moja inapima volti, nguvu inayosukuma, Bibi. Nyingine inapima ampea, kiasi kinachopita. Nataka nizisome zote kwa pamoja. Nikiwa na moja nitahamisha waya kutwa, mwisho nikosee."

"Ukikosea?"

"Inakulipukia usoni."

Akanionyesha. Waya mweusi hauhami, umetulia tundu lake kama mke aliyezeeka ndani ya nyumba. Mwekundu ndio mzururaji. Ukiwa tundu la volti, mita inaonja umeme kwa ncha ya ulimi. Ukiwa tundu la ampea, mlango uko wazi, umeme unapita wote kama ulivyo. Sasa ukiuacha huko halafu ukaenda kugusa umeme wa ukutani, hakuna kitu cha kuuzuia.

"Ndiyo maana tunasema tundu kwanza, kizungushio baadaye," alisema. "Kwa Nondo waya huu haukulala tundu la ampea hata siku moja. Ukilala huko, na wewe unalala chini kwa kofi."

Kisha akachukua ile mita ya njano aliyotoka nayo, akachomeka waya mwekundu kwenye tundu la ampea, akaitundika msumari wa kushoto. "Hapa ni kwangu," akasema. "Hii itakaa na ampea zake, ile mpya itakaa na volti. Waya utalala ninapotaka mimi."

"Basi tuifunge alama, nisije nikaichokonoa na kiherehere changu."

"Tafuta uzi mwekundu."

Nilikuwa nimeshika kopo la nyuzi mlango ulipogongwa.

Nondo alimkuta ameinama juu ya amplifaya iliyofunguliwa. Alimshika nywele kwa nyuma, akamgongesha uso mezani, na ile sauti, jamani, ilikuwa kama dafu linalopasuliwa. Damu ya pua ikatapakaa juu ya vile vidude vidogo vya ndani ya amplifaya.

"Umefungua duka," alisema. "Wateja wangu wanakuja kwako. Wananiambia mkeo ana mkono mwepesi."

"Nondo, mume wangu," nikasema, nikimwita kwa ule utani wa zamani labda utamrudisha, "mwache mwenzio apumue."

"Wewe kaa na maharage yako, Bibi. Nikikupiga wewe nitapata laana, na nimechoka kupata mikosi."

Nikamshika mkono. Alinisukuma kwa kiwiko tu, hata hakugeuka, nikaangukia kigoda, maharage yakamwagika chumba kizima.

Akamwambia mjukuu wangu achukue nguo zake, warudi nyumbani. Mjukuu wangu akatema damu, akasema, "Siendi." Nondo akampiga ngumi ya tumbo. Akamwuliza tena. "Siendi." Akamuuliza anajivunia nini, na kabla hajajibiwa akamkamata mkono wa kulia, akauingiza kwenye jiliwa na kuanza kuzungusha mpini.

Nilizaa watoto, nikazika mume, lakini mlio ule sijawahi kuusikia kwa binadamu. Meno ya jiliwa yalishika vidole viwili vya mwisho. Nondo alizungusha polepole, akisimama kila mara kuuliza, "Mkono mwepesi, eh? Bado mwepesi?" Nikasikia kitu kikikatika. Mtoto akabaki ananing'inia kwenye meza kama nguo kwenye msumari.

Hicho ndicho alichokuja kuchukua. Mke angeweza kupata mwingine. Alikuja kuchukua mkono.

"Utarudi?"

Mjukuu wangu akatikisa kichwa kukataa.

"Hujaungua bado," akasema Nondo. "Ukiungua utaelewa."

Mezani kulikuwa na waya wa majaribio, umechomekwa ukutani, ncha zake mbili ziko wazi. Mafundi wanao wote. Akauinua akiwa ameushika kwenye mpira wake, akazisogeza zile ncha karibu na shavu la mke wake, karibu kabisa, kisha akasita. Siku hizo umeme ulikuwa wa kukatika ovyo, na Nondo hakuwa mtu wa kutishia kwa waya uliokufa akachekwa. Na pengine ni ule ufundi tu. Fundi hagusi kabla hajapima, hata anapokwenda kuua.

Akaweka waya chini juu ya ubao. Akainua macho ukutani, akaona mita.

"Hata mita yangu umeiba."

Akaipita ile mpya, akaitungua ya njano. Akaisimamisha mezani mbele ya uso wake, akazungusha kizungushio mpaka kwenye volti. Kwa haraka, kwa ujuzi, bila kuangalia tundu. Aangalie ya nini? Waya mwekundu haukuwahi kulala kwingine ila tundu la volti. Alikuwa amehakikisha mwenyewe kwa miaka yote ile. Aliyaamini makofi yake kuliko macho yake.

Mimi niliuona ulipo, tundu la ampea. Niko chini kwenye maharage, kopo la nyuzi mkononi, na mdomo umekauka. Mjukuu wangu naye aliuona. Na yeye, na damu yote ile, na vidole vyake ndani ya chuma, akafungua kinywa akasema, "Tundu kwa—"

Nondo akampiga kofi la mdomo. "Unanifundisha mimi?"

Akachukua ncha nyekundu mkono huu, ncha nyeusi mkono ule, akainama kusoma, akazigusisha kwenye ncha za ule waya wa ukutani.

Ule haukuwa mlio, ulikuwa pigo. Mwanga mweupe ulijaa chumbani, kisha bluu, mita ikapasuka vipande usoni pake, na swichi kubwa ya nyumba ikajizima ukutani kwa kishindo. Harufu ya plastiki na ngozi. Nondo alirudi nyuma huku mikono imemkaa hewani mbele yake, viganja vyeusi, na vipande vya njano vimemchoma shavuni na juu ya jicho.

"Sioni," akasema. Kwa sauti ndogo, ya mtoto aliyeamka. Kisha kwa sauti yake, "Sioni! Uko wapi, mbwa wewe? Uko wapi?"

Nikainuka. Sijui nilivyoinuka, magoti yangu huwa yanataka kubembelezwa kwanza. Nikaukimbilia mpini wa jiliwa, nikauzungusha kwa nguvu zangu zote, na mjukuu wangu akapiga yowe lililozidi yote ya mwanzo.

"Kushoto, Bibi! Kushoto!"

Nilikuwa nakaza.

Nikarudisha kushoto, mkono wake ukachomoka. Lakini yowe lilimwambia Nondo tulipo. Alipapasa mezani kwa ile mikono iliyoungua, akapata nyundo, sijui aliishikaje, akaanza kuipunga huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki. Mara ya kwanza ikapita juu ya kichwa cha mjukuu wangu, ikavunja kioo cha dirisha. Mara ya pili ikanipata mimi begani. Nilisikia mfupa ukiitika.

Watu husema mimi ni mvumilivu. Ni kweli. Lakini subira ni kama kamba ya kisima: ni ndefu, nayo ina mwisho.

Kando ya meza kulikuwa na transfoma iliyotolewa kwenye amplifaya, donge la chuma na waya zito kama mtoto wa mwaka. Nikalinyanyua kwa mkono uliobaki mzima, nikalibana kifuani, nikangoja. Nondo akasogeza mguu, akakanyaga maharage, akateleza kidogo, akasimama kutafuta mizani. Nikaliachia juu ya unyayo wake. Alipoinama akipiga kelele, mjukuu wangu akamtandika teke la goti, la pembeni, na nondo ikakunjika. Akaanguka kifudifudi kwenye maharage yangu.

Nyundo iliviringika mpaka miguuni pa mjukuu wangu. Akaiokota kwa mkono wa kushoto. Akasimama juu ya kichwa cha mume wake, anahema, damu inamdondoka kidevuni, nyundo iko juu.

"Mke mwenzangu," nikasema. "Umebakiwa na mkono mmoja. Utautumia kwa hili?"

Alikaa hivyo muda mrefu. Nondo alikuwa analia chini, anaita mama yake. Kisha nyundo ikashuka taratibu, akaitundika kwenye msumari wake ukutani, mahali pake, na hapo ndipo muuza mkaa jirani yetu alipoingia na vijana wake wawili wakamkalia Nondo mgongoni mpaka polisi walipofika.

Nondo yuko jela. Jicho moja limerudi, la pili linaona mvuke. Bega langu hutabiri mvua. Vidole viwili vya mjukuu wangu vimeunga vibaya, vimekunjika kama kulabu, haviwezi kubana ncha ya waya.

Kwa hiyo tunapima wawili. Yeye anashika nyekundu kwa kushoto, mimi nashika nyeusi, nimekaa kwenye kigoda changu kando ya meza. Wateja wapya hutuangalia wakadhani tunaagua. Jiliwa bado lipo pale pale pembeni. Nilitaka litupwe, akakataa, akasema chuma hakina kosa. Ila mimi siruhusiwi kuligusa.

"Kidole hiki kakivunja Nondo," mjukuu wangu huwaambia watu, akiwaonyesha, "na hiki kakivunja Bibi. Wameninyanyasa yeye na mumewe."

"Ningejuaje? Mlango wa choo chetu unafunguka kulia."

Jana kaleta mita nyingine ya kutundika kwenye ule msumari wa kushoto. Nikaifunga uzi mwekundu mwenyewe kabla haijapanda ukutani, mafundo matatu. Akawasha amplifaya, akachukua ncha yake, nami yangu.

"Tundu?" akauliza.

Nikainama nikaangalia vizuri, kwa miwani na bila miwani.

"Lipo salama. Gusa."