Nusu ya Nini?

"Hata ukizunguka vipi, wifi, mwanao ana mkono mbaya." Shangazi aliisukuma keki hadi ukingoni mwa meza. "Keki tatu za harusi zimebonyea. Tatu! Unga wangu, mayai yangu!"

"Mkono huo nimeuzaa mimi na hauna kasoro!" mama alifoka. Alikuwa ameingia jikoni hata mkoba hajautua. "Umemwondoa kwenye oveni kwa sababu hiyo?"

"Na hataigusa tena. Trei zitamtosha."

Keki zilikuwa zimedidimia katikati kama mito iliyolaliwa na mtu mzito. Kwenye sinki, binti alisugua trei moja iliyokwisha kutakata zamani, mgongo kawapa wote wawili. Alikuja kwa shangazi yake kujifunza uokaji, na kazi hiyo ndiyo aliyoitaka tangu utotoni.

"Wewe, acha hiyo trei," mama alisema. "Unga ulipima kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Shangazi alisema unga nusu, sukari robo. Nikajaza jagi hadi mstari wa nusu."

"Si unamsikia?" shangazi alidakia. "Nusu nilisema, nusu akapima, na bado kaharibu!"

"Amepima nusu lita, wifi. Wewe ulitaka nusu kilo."

Shangazi alicheka hadi akashika kiuno. "Makubwa! Kwani nusu lita ya maji si nusu kilo?"

"Ya maji, ndiyo. Unga ni maji? Unaunywa?"

Mama aliiteremsha mizani kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa kiwiko. Akaweka bakuli, akairudisha kwenye sifuri, akajaza unga kwenye jagi hadi mstari ule ule na kuumimina bakulini.

"Soma."

Shangazi aliangalia dirishani.

"Nakusomea basi. Gramu mia mbili na themanini. Karibu nusu ya unga imebaki kwenye gunia! Keki isimame na nini, na maombi?"

"Mimi sijui gramu. Napima kwa kopo langu, na keki zinaumuka."

"Lete hilo kopo."

Lilitolewa kabatini, tena kwa ufunguo. Mama alilijaza unga hadi ukafanya kilima, kama shangazi alivyozoea, akalipima. Nusu kilo, na chembe juu.

"Nusu yako ndiyo hii. Ulimpa kopo?"

"Kopo langu haliguswi na mtu."

"Kwa hiyo kopo ukalifungia, mtoto ukampa neno tu! Halafu mkono wake ndio mbaya?"

"Haya, yaishe, wifi. Kesho ataoka." Shangazi alishusha sauti. "Ila mama wa bibi harusi nimeshampigia, nikamwambia binti ndiye aliyeharibu. Hilo siligeuzi. Nitaonekana mjinga kwa mteja wangu?"

Mama alimtazama, kisha akaichukua simu ya wifi yake pale mezani na kubonyeza namba ya mwisho.

"Wifi, usinitie aibu!"

"Hujambo, mama? Hapa ni mama wa yule binti. Keki hakuharibu mwanangu. Alielekezwa nusunusu. Anaoka nyingine sasa hivi, kwa mizani. Ndiyo, yeye mwenyewe. Njoo uzichukue jioni, na ukitaka kusifu, msifu yeye."

Alikata simu, akavua aproni kutoka shingoni mwa wifi yake na kumvisha binti. Oveni ikawashwa.