Bei ya Goti la Kinyozi

Gari la mikate lilinigonga nikiwa nimesimama mlangoni pa duka langu la kunyoa, nikimwambia mteja kwamba madereva wa siku hizi wameanza kuwa na adabu. Lilirudi nyuma taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, likanibana goti la kulia kwenye nguzo ya baraza. Dereva alishuka, akaangalia mikate kwanza. Simlaumu. Mikate ilikuwa na wenyewe.

Daktari aliliunga goti kwa vyuma viwili na skrubu saba, akaniambia nitatembea.

"Na kusimama je?"

"Kusimama ni habari nyingine, mzee."

Sasa kinyozi asiyeweza kusimama ni nini? Kazi yangu ni kuzunguka kichwa cha mtu kutwa nzima kama nzi. Nilijaribu kunyoa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, nikamwachia mwalimu mmoja panki upande mmoja tu. Aliniambia si neno, akalipa, hakurudi tena.

Dawa ilikuwepo dukani kwa muuza vifaa vya saluni: kiti cha mteja kinachopanda, kinachoshuka na kuzunguka kwa kukanyaga pedali, na stuli ya magurudumu ya kinyozi mwenyewe. Kinyozi anakaa, kichwa ndicho kinachozunguka. Vyote viwili, vichwa elfu mbili. Mimi kila kitu nakihesabu kwa vichwa. Kilo ya sukari ni kichwa kimoja na nusu, ada ya shule ni kijiji kizima. Vichwa elfu mbili sikuwa navyo. Nisipovipata nafunga duka na kuhamia chumba cha uani kwa mwanangu wa kwanza, kando ya tangi la maji. Mkwe wangu alikuwa amekwisha kupima dirisha na kununua mapazia. Ana moyo mzuri yule. Mapazia yenyewe yalikuwa na maua ya zambarau, kila ua ukubwa wa sufuria.

Basi nikaenda kwa wakili. Alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, anachukua robo ya kitakachopatikana, na kisipopatikana hachukui kitu. Kwa hilo nilimwamini kuliko daktari.

"Hesabu yenyewe si ngumu, mzee," alisema, akinichorea kwenye karatasi. "Tunachukua kipato chako cha mwaka. Tunakizidisha kwa asilimia ya mwili iliyoharibika. Tunazidisha tena kwa miaka ambayo ungeendelea kufanya kazi."

"Na maumivu?"

"Maumivu yana fungu lake."

"Kiasi gani?"

Akafikiri. "Yatakurudishia nauli za kuja hapa."

Akanionyesha jedwali la viungo. Nimeona ubao wa bei buchani, lakini ule angalau unaandika nyama ya ng'ombe. Kidole gumba kilikuwa na bei yake, cha kati bei yake, sikio bei yake, jicho moja tofauti na macho mawili. Wakili alipitisha kalamu mpaka chini. Goti langu, kwa maneno ya daktari wa bima aliyeliminya nikaona nyota mchana, lilikuwa asilimia thelathini. Nikamuuliza wakili zile sabini zilizobaki zinasimama wapi. Alikuwa amekwisha kufika kwenye kipato.

Hapo kwenye kipato sina wa kumlaumu. Kwa siku nilikuwa nanyoa vichwa kumi na viwili. Lakini miaka yote, karani wa leseni akija, nilimlilia kwamba siku njema sana napata vitano. Nililia vizuri, mara moja alinipa na leso. Wakili alikuwa na fomu zote hizo mbele yake, na sahihi yangu chini ya kila moja.

"Kisheria unanyoa vichwa vitano," akasema.

"Na vile saba vingine vilikuwa vya akina nani?"

"Hao hatuwajui, mzee."

Akapiga hesabu, akatoa robo yake, akanigeuzia karatasi. Kila mwaka wa uhai wangu ulibaki vichwa mia tatu na hamsini. Kipato kimefungwa, asilimia imefungwa. Kilichobaki cha kubishania ni miaka. Nilikuwa na sitini na miwili. Nikipewa mitano, sina kiti. Nikipewa sita, ninacho, na chenji ya kununulia spiriti.

"Bima watasema wewe umekwisha," wakili akaniambia. "Sisi tutasema una nguvu za kukufikisha miaka kumi. Lete mtu wa familia kwenye usuluhishi aseme hujawahi kuugua."

Jioni tukafanya mazoezi nyumbani. Mama watoto aliketi kwenye kochi, mimi nikaingia kupitia mlango wa jikoni kama ndio mlango wa usuluhishi.

"Unachechemea vizuri," akasema, "lakini uso umeunyong'onyesha. Mguu ndio uliokufa, mume wangu. Vingine vyote vizima."

Nikarudi, nikaingia nikitabasamu.

"Sasa unaonekana umefurahi kugongwa."

Mwanangu wa kwanza alikuwepo, mtunza stoo wa kampuni ya mabomba, baba wa watoto watatu. Alicheka, akasema yeye ndiye atakayekuwa shahidi. "Nitawaambia baba ni chuma." Mama yake akamtazama kwa muda, akasema ahsante. Ningepaswa kuuliza kwa nini alimtazama vile.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa ghorofa ya tatu, bila lifti, kwa watu walioumia. Msuluhishi alikuwa mama mmoja mtu mzima, hakimu mstaafu, mwenye miwani miwili: ya kusomea na ya kututazamia. Upande wa pili alikaa wakili wa bima. Huyo nilimpa jina palepale, Bwana Kikokotoo, kwa sababu aliweka kile kimashine chake mezani kabla ya kutusalimia. Kisogo chake kilikuwa kimenyolewa kama ukingo wa mkeka uliotafunwa na panya. Nilitamani kumuuliza kafanyiwa na nani, nikajikaza.

"Miaka kumi," binti yangu wakili akaanza.

"Minne," akasema Bwana Kikokotoo, bila kuinua macho. "Mzee anasimama kutwa, anavuta nywele na poda. Mapafu hayo."

"Mapafu yake hayakugongwa na gari la mikate."

"Minne na nusu."

"Tisa."

Nimenunua mbuzi kwa heshima zaidi ya hiyo. Yule mbuzi angalau tulimpapasa mgongo. Hapa watu wawili walikuwa wanapunguziana maisha yangu mimi nikiwa nimekaa katikati yao, nimeshika kofia, nikitabasamu kama nilivyofundishwa. Msuluhishi alikuwa ameandika saba kwenye karatasi yake na kuizungushia duara. Nasoma herufi zilizopinduka, miaka mingi nimesoma magazeti ya wateja kupitia kioo. Saba. Kwenye mawazo yangu nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye stuli.

Bwana Kikokotoo akamgeukia mwanangu. "Ndugu, wewe ndiye shahidi wa afya. Baba yako amewahi kuugua?"

"Hata mafua, mheshimiwa. Baba ni chuma."

"Vizuri sana." Akafungua faili. "Tulipita ofisini kwako kuuliza habari zako, kama tunavyouliza za kila shahidi. Ofisa utumishi wenu ni mtu mwema sana. Alitupa nakala za barua zako nne za kuomba ruhusa, akasema tukupe na pole."

Akazisoma moja baada ya nyingine. Ya kwanza, baba yangu mzazi yupo mahututi. Ya pili, hali ya baba imezidi, madaktari wamekata tamaa. Ya tatu, baba ameniita nipokee wosia. Ya nne, tunamsubiri tu. Zote za mwaka ule kabla ya ajali.

Mimi nilikuwa napiga hesabu ya tarehe. Ile ya madaktari kukata tamaa ilikuwa siku ya fainali ya mpira. Naikumbuka, kwa sababu vijana wote walitaka kwenda uwanjani wamependeza. Siku hiyo niliyokuwa nakata roho nilinyoa vichwa thelathini na kimoja.

"Kuna mambo mawili," akasema Bwana Kikokotoo, akifunga faili taratibu. "Ama mzee alikuwa anakufa kweli, na hapo miaka miwili ni ukarimu wetu. Ama hakuwa anakufa, na hapo itanibidi nimwandikie yule ofisa utumishi, nimshukuru kwa nakala na kumweleza tulichogundua."

Wakili wangu akaninong'oneza, "Sema ni uongo, mzee. Saba ziko pale."

Zilikuwa pale kweli, ndani ya duara. Na upande wangu wa kushoto alikuwepo mtunza stoo, watoto watatu, na kazi ambayo kwa barua moja ingekwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi nikayaona yale maua ya zambarau, dirisha zima.

"Barua ni za kweli," nikasema.

Wakili wangu akaweka kalamu chini.

"Nilikuwa nakufa. Mwanangu hana tabia ya kutia chumvi. Mara ya kwanza nilichungulia kaburi, nikaona ni padogo, nikarudi. Mara ya pili madaktari walikata tamaa, mimi nikakataa kukata pamoja nao. Ya tatu nilikuwa nimefika kwenye wosia, nikakumbuka sina cha kurithisha, nikaona aibu, nikaamka. Ya nne walikuwa wananisubiri, na mimi sipendi kusubiriwa." Nikamgeukia Bwana Kikokotoo. "Mwanangu, wewe katika faili zako zote una mtu aliyekufa mara nne kwa mwaka mmoja na asikose kufungua duka? Fomu za leseni hizo hapo, niliilipia mwaka mzima. Sasa mtu wa namna hiyo unampa miaka miwili kwa sababu ya goti?"

"Mheshimiwa, huu ni mzaha," akasema Bwana Kikokotoo.

Msuluhishi alikuwa amevua miwani, ile ya kututazamia. Mabega yalikuwa yanamcheza. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavaa ile ya kusomea.

"Wakili wa bima, unacho cheti cha daktari kinachosema alikuwa anakufa?"

"Zipo barua, mheshimiwa."

"Barua zinasema alikuwa anakufa. Yeye anasema alikuwa anakufa. Mnakubaliana. Mimi naona kwamba hakufa." Akachukua kalamu, akakata saba. "Kwa kuwa ni mgonjwa, napunguza mmoja. Kwa kuwa ni mbishi, sipunguzi zaidi. Sita. Na zile barua zibaki humu ndani, zilikuja kwa ajili ya hesabu na hesabu imekwisha."

Bwana Kikokotoo akabonyeza kimashine chake kwa kidole kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatia sahihi.

Kwenye ngazi mwanangu alinishika mkono, akanishusha hatua moja moja. Ghorofa ya pili akasema, "Baba, nisamehe."

"Umeniua mara nne, mwanangu, na sikupata hata sanda. Hilo nimelisamehe. Ninalofikiria mimi ni mara ya tano."

"Ya tano ipi?"

"Ile yangu mwenyewe. Siku hiyo utaomba ruhusa kwa sababu gani? Kwa bosi wako mimi nimekwisha."

Hakucheka. Akanishusha mpaka chini. Miaka imekuja na kupita, na tangu siku ile kwenye barua zake hajaugua mtu wa familia yetu. Juzi mwanawe alikuwa na homa ya kweli, akaogopa kuomba hata saa mbili. Aliyempeleka mtoto hospitali ni mimi, na goti langu.

Kiti nilinunua. Mapazia ya zambarau mkwe wangu aliyaleta mwenyewe, nikayatundika kwenye mlango wa nyuma wa duka, wateja wanadhani ni mtindo. Na Bwana Kikokotoo alikuja pia, mwezi wa tatu baada ya usuluhishi, akasimama barazani akijifanya anapita. Siku ya usuluhishi, tukiagana, nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kisogo chake kingekuwa mtu kingeomba fidia. Tangu hapo ni wangu, kila wiki ya pili.

Jumanne iliyopita alikaa kama kawaida. Nikamfunga shuka, nikakanyaga pedali kwa mguu mzima, akashuka mpaka usawa wangu.

"Goti linaendeleaje, mzee wangu?"

"Lipo. Ila jana nimeangalia karatasi yako. Ile miaka sita imeisha."

Akanitazama kwenye kioo. "Imeisha?"

"Jumatatu. Kuanzia leo naishi kwa gharama zangu mwenyewe."

Nilimwona kichwani mwake anapiga hesabu: vichwa kumi na viwili kwa siku, alivyoviona kwa macho yake hapa dukani, mara siku, mara miaka. Alifika mahali pakamuuma, nikaliona shavu likicheza.

"Ulisema ulikuwa unakufa," akasema polepole.

Nikaufungua wembe, nikaujaribu kwenye ngozi ya mkono.

"Inamisha kichwa," nikamwambia.