Mstari Mweupe Kwenye Pangaboi

Mashine ilinguruma kwa nguvu zote, lakini boti ilijikokota. Watu wa nyumba ndefu, kijiji kizima chini ya paa moja, waliokaa ukingoni wakamgeukia Usun. Kesho yake boti za mto Baram zingeshindana, na mashine hiyo aliifungua na kuifunga yeye. Ikishindwa kuondoka, fundi wa kukodi kutoka mji wa Marudi angeitwa tena.

"Kabureta hiyo," alisema Tama Lawai, nahodha, mdogo wa baba yake. "Umeifunga ovyo."

"Ba'mdogo, kabureta ikiziba mashine hukohoa. Hii inazunguka kupita kiasi. Nguvu ipo, haifiki majini. Uligonga jiwe?"

Nahodha wa sehemu za juu za mto haulizwi hivyo. Sifa yake yote ni kupita maporomoko bila kugusa jiwe, na Tama Lawai alikuwa na sifa hiyo kabla Usun hajazaliwa.

"Mimi? Mawe ya mto huu yananijua, yananipisha!"

Usun aliinua mashine, akashika pangaboi, mapanga yake yanayosukuma maji. Ndani ya kitovu cha pangaboi mna raba inayoshikamana na chuma cha katikati. Jiwe likipiga, raba hulegea; mzigo ukizidi, huteleza. Akachovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akachora mstari mmoja kutoka chuma cha katikati hadi ganda la nje.

"Nenda mpaka kwenye changarawe kule, vuta moto wote, urudi."

Aliporudi waliinua mashine. Mstari ulikuwa umekatika: nusu moja ilitazama juu, nyingine ubavuni. Raba ilikuwa imeteleza.

"Kumbe mawe yanakupisha kweli!" shangazi Bungan alipaza sauti, na kicheko kikalipuka.

Tama Lawai aliinama akautazama mstari.

"Lilikuwa jiwe dogo," alisema.

"Ungeniambia, tungekuwa tumemaliza zamani."

Usun alitoa pangaboi la akiba, akapiga tupa kingo zake zilizomeguka mpaka mapanga yote yakalingana, akalifunga.

Asubuhi bendera iliposhuka, boti yao iliinua pua na kuchomoka. Hakuna aliyewafikia hadi mwisho.

"Mlimleta fundi gani wa Marudi?" watu wa vijiji vya chini mtoni waliuliza.

"Marudi wapi?" Tama Lawai alijibu kwa sauti ya kuvuka mto. "Fundi ni Usun, mtoto wa kaka yangu. Mimi niligonga jiwe, yeye akalijua kwa rangi tu. Nyie mnaye wa hivyo?"

Usun alikuwa akinawa grisi. Akaendelea kunawa, taratibu, ili asikie yote.